Alama ya Kuuliza Kwenye Faili la Korodani

Faili lilifika mezani kwangu na karatasi mbili. Ya kwanza ripoti ya ultrasaundi: uvimbe ndani ya korodani ya kulia, milimita 14, damu inapita ndani yake. Ya pili, daktari kaandika "? Saratani ya korodani", basi. Karani aliyenitangulia akajaza C62.9, msimbo wa saratani ya korodani. Kijana wa miaka 29, mvuvi wa Ukerewe, kwenye kompyuta tayari ana saratani na hajatolewa hata damu ya kipimo.

Karani simlaumu. Mwongozo wa ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, unasema ugonjwa ukibaki wa kushukiwa mpaka mwisho wa huduma, bila maelezo mengine, upewe msimbo kana kwamba umethibitika. Wamarekani wamelikataza jambo hilo kwa wagonjwa wa nje, lakini kitabu chao si chetu. Kwa hiyo ile alama ambayo daktari anaiona kinga, ikifika kwangu inafutika.

Angeandika kilichoonekana tu, "uvimbe korodani ya kulia kwenye ultrasaundi, aina haijajulikana, apelekwe kwa daktari wa upasuaji", ningeweka R93.8, yaani picha imeonyesha kitu kisicho cha kawaida. Saratani ya korodani huthibitishwa maabara, kwa kawaida baada ya korodani kutolewa. Ultrasaundi hushuku tu.

Tatizo la R93.8 ni kwamba ni kapu la mengi. Haisemi hata kama ni korodani, sembuse upande. Wamarekani walilipasua kapu hilo mwaka 2018: R93.811 kulia, R93.812 kushoto, R93.813 zote mbili, R93.819 upande haukutajwa. Nimeikuta misimbo hiyo kwenye fomu za hapa Mwanza, mtu kaiokota intaneti. Kwenye ICD-10 ya kimataifa haimo. Basi upande usemwe kwa maneno, na kulia ni kwa mgonjwa. Kwenye picha inayozionyesha zote mbili, ya kulia kwa kawaida inakaa kushoto kwako wewe unayetazama.

Ugonjwa ukishapata jina, achana na kapu. Busha lisilofafanuliwa zaidi ni N43.3. Verikoseli, yaani mishipa ya damu iliyotanuka kwenye mfuko wa korodani, ni I86.1, wala usiitafute kwenye magonjwa ya uzazi, imewekwa na mishipa ya damu. Korodani iliyojisokota ni N44, ila huyo akimbizwe kwa daktari wa upasuaji kwanza, msimbo utamsubiri. Na "mshipa" msiniandikie jamani! Mmoja akisema mshipa ana maana ya busha, mwingine ngiri.

Lile faili nililibeba mwenyewe mpaka chumba cha daktari.

"Samahani daktari, huyu ana saratani?"

"Bado sijui. Si ndiyo maana nimeweka alama ya kuuliza?"

Nikamfungulia ukurasa, nikampa kalamu.