Maana ya kupenda fedha na kuweka hazina mbinguni

Watu wengi husema kwamba Biblia inaiita fedha shina la maovu, lakini andiko halisemi hivyo. Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo 6:10, anaandika: "Maana shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha." Neno lake la Kiyunani ni filarguria, lililoundwa kwa maneno mawili, kupenda na fedha, na uzito wa hukumu umeangukia lile la kwanza. Ingekuwa fedha yenyewe ndiyo shina, maskini angekuwa salama kwa kuwa tu hana kitu. Mstari wa 9, hata hivyo, unawataja "hao watakao kuwa na mali", yaani wanaoitaka, wawe wameshaipata au bado. Kwa hiyo dhana hii haipimwi kwa kiasi kilichomo mfukoni, bali kwa mahali moyo ulipoegemea.

Hapa Dodoma kipimo hicho kimepata kazi nyingi tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo na bei ya ardhi ikapanda. Kuuza shamba si dhambi, na aliyeuza akawasomesha watoto wake ametumia fedha kama ilivyopaswa kutumiwa. Kupenda fedha huonekana kwingine: ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya kiwanja, sahihi ya mama mjane inatafutwa usiku ili asipate muda wa kuuliza, na mtu aliyekuwa akiamka na sala sasa anaamka na simu ya dalali. Paulo alisema watu wa namna hiyo "wamefarakana na imani", na mimi naona mara nyingi hawajui siku walipoanza kufarakana nayo, kwa maana jambo hili huingia polepole.

Yesu naye alisema, "Msijiwekee hazina duniani, nondo na kutu viharibupo" (Mathayo 6:19). Neno lililotafsiriwa kutu, katika Kiyunani, maana yake ya kwanza ni ulaji, na wapo wafafanuzi wanaoliona kuwa linahusu wadudu wanaokula akiba ya nafaka. Mkulima wa mikoa yetu hahitaji maelezo marefu hapo, kwa kuwa anamjua dumuzi, mdudu aliyeenea nchini kuanzia Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gunia la mahindi lililowekwa stoo baada ya mavuno linaweza kuonekana limesimama wima, limejaa, kamba yake haijaguswa, na ukitia mkono ndani miezi michache baadaye unatoa vumbi jeupe na punje zilizotobolewa tundu tundu. Vivyo hivyo wezi wanaotajwa katika mstari huohuo: neno la asili linawaeleza kama watu wanaotoboa ukuta, jambo linaloeleweka upesi kwa yeyote aliyewahi kulala katika tembe la Kigogo lenye kuta za miti na udongo.

Hazina ya mbinguni, basi, ni nini? Luka 12:33 hauachi nafasi ya kubahatisha: "Viuzeni mlivyo navyo, mtoe sadaka." Na Mithali 19:17 inasema kwamba amhurumiaye maskini humkopesha Bwana. Uwekezaji wa kiroho, yaani kuiweka hazina hiyo, ni mali, muda na nguvu zilizotolewa kwa ajili ya Mungu na watu wake, zikiwamo saa za kumfundisha mtoto wa jirani kusoma au kukaa na mgonjwa asiye na ndugu. Katika makanisa mengi ya vijijini, baada ya ibada hufanyika mnada nje ya mlango: bakuli la karanga, mayai matano, jogoo aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Aliyeleta mayai hakuwa na noti ya kutia kapuni, akaleta alichokuwa nacho, kama yule mjane wa Marko 12 aliyetoa senti mbili, na Yesu akasema ametoa kuliko wote.

Uwekezaji huu si biashara na Mungu. Mafundisho ya kumwambia mtu apande laki moja ili avune milioni hayamponyi kupenda fedha. Yanamwongezea, tena kwa jina takatifu. Simoni wa Samaria alipotaka kununua kipawa cha Mungu, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20).

Wala kuweka akiba si kukosa imani. Katika eneo lenye msimu mmoja wa mvua kama Dodoma, ambalo wazee wake walisimuliana habari za Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba Ugogo, nchi ya Wagogo, karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, kihenge, yaani ghala la nafaka la nyumbani, ni wajibu kwa familia. Yusufu alijaza ghala Misri, na tajiri mpumbavu wa Luka 12 naye alitaka kujenga ghala. Tofauti yao inasikika katika maneno ya tajiri mwenyewe: ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Hakuna mtu mwingine katika sentensi zake. Ghala za Yusufu zilifunguliwa njaa ilipofika.

Ndiyo maana Paulo, akiwaagiza matajiri katika 1 Timotheo 6:18, hakuwaambia wabomoe ghala, bali wawe "tayari kutoa mali zao". Neno hilo tayari lina uzito, kwa sababu linahusu uamuzi uliotangulia haja. Mvua ya Dodoma huweza kunyesha shamba hili na kuliruka la pili; mkulima aliyebahatika, anayetenga debe la uwele kwa ajili ya jirani aliyerukwa kabla hajapiga hesabu ya magunia ya kupeleka sokoni, ameshaweka hazina yake.