Uwezo wa kubeba wa pikapu: maana yake, na jinsi vifaa vya ziada vinavyoupunguza

Uwezo wa kubeba wa gari ni kilo zinazobaki ukitoa uzito wa gari tupu katika uzito wa juu ambao mtengenezaji ameuruhusu gari likiwa limepakiwa. Katika kilo hizo wanahesabiwa dereva na abiria, mizigo yote, na pia, jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau, kila kifaa kilichofungwa baada ya gari kutoka kiwandani: ngao ya mbele, winchi (mashine ya kulivuta gari kwa kamba likikwama), kenopi (kifuniko cha bodi ya nyuma), keria, betri ya pili, tenki kubwa la mafuta. Kifaa cha ziada ni mzigo usioshushwa. Gunia la mahindi hushuka sokoni, lakini ngao ya chuma husafiri na gari siku zote, hata siku ambayo hakuna ng'ombe wala tope njiani.

Uzito wa juu huandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji, ambacho katika pikapu nyingi hubandikwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, mara nyingi kwa kifupi cha GVM. Karibu na namba hiyo huwapo nyingine mbili, za uzito wa juu wa ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele na wa ekseli ya nyuma, ambazo zikijumlishwa kwa kawaida huzidi uzito wa juu wa gari zima. Ziada hiyo imewekwa makusudi kwa kuwa mzigo haukai sawasawa kila siku, na haimpi mwenye gari ruhusa ya kuzijaza ekseli zote mbili kwa pamoja. Uzito wa gari tupu ni mgumu zaidi kuupata kwa uhakika, kwa sababu haupimwi kwa kanuni moja kila mahali: kuna wanaouhesabu tenki likiwa limejaa, kuna wanaouhesabu likiwa na mafuta kidogo, na kwa kanuni za Ulaya dereva wa kilo 75 huwa amekwisha kuhesabiwa ndani yake.

Jina la "pikapu ya tani moja" nalo lisimpotoshe mtu. Kabini mbili ina milango zaidi, viti zaidi na bati zaidi, na kilo zote hizo hutolewa katika fungu la mzigo. Ndiyo maana katika ukoo mmoja wa Toyota Hilux au Isuzu D-Max, gari la kabini moja lisilo na anasa yoyote mara nyingi huruhusiwa kubeba zaidi kuliko ndugu yake wa kabini mbili mwenye bei kubwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pikapu ya kabini mbili ina uzito wa juu wa kilo 3,000 na uzito mtupu wa kilo 2,080, kwa hiyo inabeba kilo 920. Mwenyewe anaiandaa kwa safari za mbali: ngao ya chuma pamoja na winchi, kilo 100, kenopi ya faiba, kilo 70, keria na hema la juu, kilo 90, droo za vifaa nyuma, kilo 60, betri ya pili na waya zake, kilo 30, mabamba ya kukinga injini na gia boksi kwa chini, kilo 45, na tenki la lita 140 badala ya lile la lita 80, ambalo kwa dizeli yenye uzito wa takriban kilo 0.84 kwa lita linaongeza kilo 50 za mafuta, pamoja na kilo 25 hivi za tenki lenyewe kuwa kubwa zaidi. Jumla ni kilo 470, na hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo ambacho ni kizito kupita kawaida ya aina yake. Wakipanda watu wazima wanne wa kilo 80 kila mmoja, zinabaki kilo 130, ambazo jokofu dogo, lita 40 za maji, tairi la pili la akiba na begi la kila abiria vinazimaliza kabla hata chakula hakijapakiwa.

Hesabu hiyo haifanyiki mara nyingi kwa sababu hakuna anayeidai. Mizani za TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, zilizo kando ya barabara kuu za Tanzania zinahusu magari ya kuanzia tani 3.5, na pikapu ya kawaida iko chini ya kiwango hicho, hivyo inaweza kuzidishiwa mzigo kwa miaka mingi bila kuitwa pembeni. Dalili huja kwa njia nyingine: beringi za nyuma zinazokufa mapema, matairi yanayochanika ubavuni, breki zinazochelewa kushika kwenye mteremko kama wa Kitonga.

Mahali kifaa kinapofungwa ni muhimu karibu sawa na uzito wake, na hapa ndipo mambo huwa mabaya kuliko hesabu ya jumla inavyoonyesha. Kitu kilichokaa katikati ya ekseli mbili huugawa uzito wake baina ya ekseli hizo, lakini kitu kilichotokeza mbele au nyuma ya magurudumu hufanya kazi ya wenzo. Katika Hilux yenye milimita 3,085 kati ya ekseli, ngao na winchi ya kilo 100 iliyo sentimita 85 mbele ya ekseli ya mbele huongeza kwenye ekseli hiyo takriban kilo 128 na kuinyanyua ya nyuma kwa kilo 28. Kinyume chake, tela linalokandamiza ndoano ya nyuma kwa kilo 150, mita 1.2 nyuma ya ekseli, huongeza kilo 208 nyuma na kuondoa 58 mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayopinda kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Gari kama hilo linaweza kuwa ndani ya uzito wake wa juu huku ekseli moja imekwisha kuzidiwa.

Tunafika kwenye springi, ambako mafundi na wateja hukosana na ukweli kwa urahisi. Pikapu ikianza kukaa chini kwa nyuma, tiba inayojulikana katika gereji zetu ni kuongeza jani la springi au mawili, na gari husimama wima tena, kila mtu akaridhika. Springi mpya imerudisha kimo cha gari. Haijaongeza uwezo wa kubeba. Ekseli ni ileile, habu na beringi ni zilezile, breki ni zilezile, na chesisi ni ileile, na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati ulipangwa kwa kuangalia kile kilicho dhaifu kuliko vyote katika mlolongo huo. Naona hata kwamba springi ngumu isiyokuwa na hesabu nyuma yake ina madhara zaidi kuliko springi iliyochoka, kwa maana ile iliyochoka humwonya dereva kwa kuinamisha gari, na ile ngumu humnyamazisha.

Mifuko ya hewa inayowekwa kati ya chesisi na ekseli ya nyuma ina tatizo lake la pekee. Springi ya majani huishika chesisi katika ncha zake mbili, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma, kwa hiyo nguvu hutawanyika. Mfuko uliojazwa hewa husukuma mahali pamoja tu juu ya ekseli, na mzigo mzito uliotokeza nyuma ukibonyea kila gari linapoingia shimoni, chesisi hujikuta ikikunjwa juu ya nukta hiyo. Pikapu za kabini mbili zilizopinda chesisi nyuma ya kabini zimeonekana mara nyingi huko Australia, ambako watu huzipakia sana na kuvuta matela kwenye barabara za vumbi. Nchi hiyohiyo ina njia rasmi ya kupandisha uzito wa juu: springi, shokomzoba na wakati mwingine sehemu nyingine hubadilishwa kwa seti iliyojaribiwa kwa gari la aina hiyo, kisha gari hukaguliwa na kupewa kibati kipya. Kinachoongeza ruhusa pale ni majaribio yaliyofanywa kwa seti nzima.

Kwa hiyo anayechagua springi anapaswa kuzichagua mwisho, si mwanzo, baada ya kujua kilo za kudumu zilizopo mbele na nyuma. Springi zilizotengenezwa kwa kilo 300 za kudumu zikifungwa kwenye gari linalotembea tupu hulirusha kama mkokoteni na kupunguza mshiko wa tairi, na abiria wa nyuma ndio wanaolipa gharama.

Matairi yana kikomo chao. Namba iliyo ubavuni baada ya kipimo, mathalani 112 katika 265/65R17 112S, ina maana kwamba tairi hilo hubeba kilo 1,120 likiwa na upepo unaotakiwa. Tairi la 110 hubeba kilo 1,060. Anayebadilisha tairi kwa ajili ya sura asikubali namba ndogo kuliko ile ya kiwandani. Tairi kubwa zaidi nalo hubadilisha mambo mengine: 285/70R17 lina kipenyo kikubwa kwa takriban asilimia 7 kuliko 265/65R17, hivyo kwa kipimo kilekile cha spidi gari hukimbia zaidi kwa asilimia hiyo, na injini hufanya kazi zaidi kuling'oa gari mahali liliposimama.

Kuhusu paa, maneno machache yanatosha: kitabu cha gari hutaja kikomo, mara nyingi karibu na kilo 75 hadi 100 gari likiwa linatembea, na keria yenyewe imo ndani ya kilo hizo. Keria iliyotangazwa kuwa inabeba kilo 200 haiupi ubati wa paa nguvu hiyo.

Ushauri wangu katika uchaguzi ni kuanza na kile ambacho njia yenyewe inakidai. Asiyevuka mito hana haja ya mkonga wa hewa (bomba linaloiwezesha injini kuvuta hewa juu ya maji), ingawa ni mwepesi. Anayesafiri usiku kwenye njia za mifugo na wanyamapori ana sababu ya kufunga ngao, na ya aluminiamu humwokolea kilo nyingi; gari likiwa na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva, achukue ngao iliyotengenezwa kwa modeli hiyo hasa, ili vihisio vya ajali visipotoshwe. Kwenye winchi, kamba ya sintetiki badala ya waya wa chuma hupunguza kilo kadhaa mahali ambapo kila kilo huhesabiwa kwa zaidi ya moja.

Katika ufungaji, fundi atumie matundu ya boliti yaliyoachwa na kiwanda. Chesisi haitobolewi kwenye kingo zake za juu na chini, ambako mkazo ni mkubwa kuliko sehemu nyingine, wala haichomelewi ovyo, na tundu lolote lililobidi kutobolewa kwenye bati hupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kifaa kukaa, hasa kwa magari ya Tanga, Mombasa na miji mingine ya pwani yenye hewa ya chumvi. Waya wa kila kifaa cha umeme huwekewa fyuzi karibu na betri. Fyuzi iliyowekwa huko mwisho karibu na taa haiulindi waya unaopita katikati. Boliti zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na zikaguliwe tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000 za njia mbovu.

Kisha gari lipimwe. Maghala ya nafaka, viwanda na wanunuzi wa vyuma chakavu wengi wana mizani ya magari na hupimia kwa ada. Gari liende likiwa na tenki lililojaa, watu wote na vifaa vyote. Kwanza magurudumu ya mbele tu yapande kwenye mizani, halafu gari zima, halafu ya nyuma tu, na namba hizo tatu zilinganishwe na zile tatu za kwenye kibati. Ikiwa ekseli ya nyuma imezidi na ya mbele ina nafasi, mara nyingi huwa yatosha kusogeza jokofu na madumu ya maji mbele, hadi nyuma ya kabini.