Umegongwa na gari, bima wakuzungusha: kesi yapelekwa wapi?

Swali tunaloulizwa zaidi hapa kwenye dawati letu la msaada wa kisheria Mombasa ni hili: "Nimegongwa, gari ina bima, mbona silipwi?" Na anayeuliza huwa ashaenda ofisi za bima, akakaa benchi, akaambiwa arudi wiki ijayo, na sasa kaskia kuna tribunali ya bima, yani baraza la kuamua mizozo, basi ataka aelekezwe huko. Nianze na hapo manake watu wapoteza miezi mizima wakibisha mlango ambao si wao.

Tribunali ya bima ipo kweli, iko ndani ya Sheria ya Bima, Sura ya 487, lakini kazi yake ni kuskiza rufaa za wale ambao hawakuridhika na uamuzi wa Kamishna wa Bima, yani yule mkuu wa mamlaka ya kusimamia bima, IRA. Wewe uliyevunjwa mguu na tuktuk pale Bombolulu huanzi huko. IRA wenyewe, wewe waweza kuwapelekea barua ya malalamiko kama kampuni haikujibu, haikubali wala haikatai, yani imekunyamazia tu, na mara nyingi hio barua huwaamsha. Lakini nani alikuwa na makosa barabarani na mguu wako wafaa shilingi ngapi, hayo huamuliwa na mahakama.

Hii imani ya tribunali nafkiri yatoka kwa ndugu zetu walioko Kanada. Mtu ana dadake Toronto, aligongwa, bima yake mwenyewe ikamlipia matibabu na sehemu ya mshahara bila kuuliza mkosa ni nani, halafu walipokataa kuendelea kulipa akaenda kwenye Licence Appeal Tribunal. Ni kweli, Ontario, lile jimbo la Toronto, ndivyo walivyo, mizozo hio iko kwa tribunali hio tangu Aprili 2016 na mtu ana miaka 2 tangu anyimwe ili apeleke shauri lake. Hapa kwetu mfumo huo hatuna. Ukitaka pesa za bima ya gari iliyokugonga lazima uonyeshe kwamba dereva alikosea, na ukishindwa hapo hata ukiwa umelala hospitali ya Makadara miezi 6 na vyuma mguuni, hupati kitu kutoka bima ile.

Sasa inavyofanya kazi. Sura ya 405, ile sheria ya bima ya magari, yalazimisha kila gari barabarani iwe na bima ya kulipia watu wengine wanaoumia, ile waiitayo thadi pati. Ukiumia, unayemshtaki ni dereva na mwenye gari, sio kampuni ya bima, watu wengi hapa hushangaa. Ukishinda ndo bima yalazimika kulipa hukumu ile, kikomo shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, kikizidi hapo kilichobaki chamwandama mwenye gari. Lakini bima italipa tu ikiwa ilipata notisi kwamba kesi yafunguliwa, na notisi hio ina muda wake mfupi sana, kwa hivyo sisi twasema ipelekwe kabla hata kesi haijasajiliwa, na upate nakala iliopigwa muhuri wa kupokewa. Nishaona faili nzuri kabisa, mtu kashinda, lakini muhuri ule haupo na bima yasema haikujua lolote. Kama notisi ipo na hukumu ipo na bado hawalipi, wakili wako afungua kesi ya pili, hii sasa ni dhidi ya kampuni yenyewe, kuomba mahakama itamke kwamba wapaswa kulipa.

Na hapa kuna visingizio ambavyo watu huambiwa wakainamisha kichwa wakarudi nyumbani. "Mwenye gari hakuturipotia ajali." Hio si shauri yako, sheria yasema masharti kama hayo, ya jambo la kufanywa baada ya ajali kutokea, hayamzuilii mtu wa tatu aliyeumia. "Matatu ilikuwa imejaza kupita kiasi." Pia hilo haliwezi kukunyima wewe, idadi ya abiria, hali mbovu ya gari, uzito wa mzigo, umri wa dereva, hivyo vyote sheria imekataa visitumike kuwa sababu ya kumnyima aliyeumia. Kampuni ikishalipa iende ikadaiane na mteja wake huko. Lakini kuna moja ambalo hubishaniwa sana na lina nguvu kidogo, nalo ni ile gari ya kibinafsi inayobeba abiria wa kulipa, zile Probox za kwenda Mariakani ama Kinango, na cheti cha bima chasema matumizi ya binafsi. Hapo tarajia vita, na ndo mana nawaambia watu wasipande gari kama hio eti kwa sababu ni ya haraka, unachookoa ni kidogo mno. Bima ikisema kwamba cheti kilipatikana kwa uongo nayo pia lazima iende mahakamani itangaziwe hivyo, na ina miezi 3 tu tangu kesi yako ianze, haiwezi kukwambia kaunta tu halafu basi.

Haya, ushahidi. Hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu kesi nyingi zafia hapa, hazifiki hata kwa hakimu.

Ajali ikitokea, iwe Kibarani, Changamwe, Likoni, popote, iripotiwe kituo cha polisi na upewe namba ya OB, yani ya daftari la matukio la kituo, kama wewe uko hospitali utume mtu wako. Baadae wapewa abstrakti ya polisi, ile karatasi yenye namba ya gari, jina la dereva, mwenye gari na kampuni ya bima na namba ya cheti. Ikague pale pale mbele ya askari, herufi moja ya namba ya gari ikikosewa utahangaika. Halafu fomu ya P3, yajazwa na daktari, hio yaonyesha umeumia wapi na kiasi gani. Lakini watu wadhani abstrakti ndo ushahidi wa kwamba dereva ana makosa, la, mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba karatasi ile yathibitisha tu kuwa ajali iliripotiwa. Mara nyingi imeandikwa uchunguzi waendelea, miaka inapita bado waendelea. Unahitaji shahidi aliyeona, huyo muuza madafu, dereva wa boda, mama wa mahamri, chukua namba yake ya simu siku ile ile kabla hajahama. Unahitaji askari aje na ule mchoro wa mahali pa ajali. Picha za simu pia, jinsi magari yalivyosimama, alama za breki, kabla hayajavutwa.

Na kama dereva ameshtakiwa kortini kwa kuendesha vibaya, fuatilia kesi hio, nenda utoe ushahidi ukiitwa, usiseme hio ni ya serikali. Akipatikana na hatia na rufaa zikaisha, hukumu ile chini ya Sheria ya Ushahidi ni thibitisho la kutosha kwamba alitenda kosa lile, na kwako imekurahisishia kazi kubwa. Upande wa pili bado waweza kusema na wewe ulichangia, ulivuka pasipo na kivuko, hukuvaa helmeti kwenye boda, hukufunga mkanda, na mahakama hugawa makosa, 80 kwa 20, 50 kwa 50, na fidia yakatwa kwa kiasi hicho hicho.

Risiti je? Maumivu mahakama hukadiria ikilinganisha na kesi zingine za majeraha kama yako, lakini pesa ulizotumia hulipwi bila karatasi. Dawa, eksirei, magongo, tuktuk ya kwenda kliniki, weka yote. Kama huna mshahara, wauza samaki Kongowea, basi taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa kabla ya ajali na leseni ya kaunti vyaweza kuonyesha ulikuwa waingiza nini, na ni vizuri kuliko kusema kwa mdomo.

Mwenye gari naye mtafute kwenye rekodi za NTSA, ile mamlaka ya usafiri inayosajili magari, manake matatu hapa zauzwa mkono kwa mkono bila kubadilisha jina, dereva akwambia mwenyewe ni fulani na logi buku yasema mwengine kabisa. Sheria ya Trafiki yamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndo mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Washtakini wote.

Muda: miaka 3 tangu siku ya ajali, na kwa aliyefariki familia nayo ina miaka 3 tangu afe. Ukipitisha, mlango umefungwa, na hayo mazungumzo ya "rudi wiki ijayo" hayasimamishi saa. Kama aliyeumia ni mtoto mzazi afungue kesi kwa niaba yake, msingoje akue. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kuna mahakama ya madai madogo, sheria yake ya 2016 imetaja fidia ya majeraha na yataka kesi iishe ndani ya siku 60, ila mawakili wamekuwa wakibishana sana kuhusu kesi za ajali kwenda huko, kwa hivyo pata ushauri kwanza kabla ya kusajili.

Jambo la kutia saini. Kuna watu wazunguka wadi, wengine wajiita maajenti, wengine wasema wametumwa na bima, yuwaja na bahasha na karatasi, wewe mguu uko juu umefungwa na mke yuwafkiria bili. Karatasi ile ni vocha ya dischaji. Ukiisaini umekubali pesa ile ndo mwisho wa madai yako yote, ukaja kugundua baada ya miezi kwamba nyonga haikuunga, kuifungua tena ni kazi ngumu mno. Usisaini chochote hujatoka hospitali na daktari hajasema jeraha limefikia wapi. Na yule wa "tupe asilimia 40 ukilipwa, usipolipwa hutoi kitu", Sheria ya Mawakili haikubali mapatano ya kulipwa ikiwa tu kesi imeshinda. Pesa za bima kwa kawaida hupitia akaunti ya wakili, muombe akuonyeshe kwa maandishi kilichoingia na alichokata, akikwepa kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Tanboi, yani utingo, na madereva wa trela wa hapa bandarini, nyinyi mna njia nyengine kabisa. Ukiumia kazini Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, WIBA, haiulizi sana nani alikosea. Mwajiri aripoti ndani ya siku 7, akifa mtu ni saa 24, na wewe una miezi 12 kupeleka dai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ulemavu kamili wa kudumu ni mshahara wa miezi 96. Kutoridhika kwapelekwa kwa Mkurugenzi yule yule kama pingamizi ndani ya siku 60, halafu rufaa Mahakama ya Ajira. Mahakama ya Juu ilithibitisha mfumo huu Desemba 2019, kwa hivyo wakili akikwambia mkimbilie moja kwa moja kwa hakimu, muulize kwa nini.

Mwisho kuna lile linalouma, kampuni ya bima kufilisika. Limetokea, United 2005, Blue Shield 2011, na zote zilikuwa na matatu nyingi. Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, kukaza hukumu, yani kulazimisha ilipwe, husimama, na mfuko wa kuwafidia wenye bima kikomo chake kwa miaka mingi kimekuwa shilingi 250,000 kwa dai moja. Kwa hivyo ukifungua kesi usimtoe mwenye gari kwa huruma eti "bima italipa tu", jina lake libaki pale, na ukijua ana plot Kisauni ama gari zingine, mwambie wakili mapema.