Familia ya Askari wa Kisudani katika Uganda ya Karne ya 19

Habari za vita vya miaka ya 1890 nchini Uganda husimuliwa kwa majina ya maofisa wa Uingereza kama Lugard na Macdonald, huku askari wa kawaida akitajwa kwa idadi tu na mkewe asitajwe kabisa. Pengo hilo ni kubwa, kwa kuwa bila wanawake wake jeshi la Wasudani lisingeweza kula wala kusafiri.

Askari hao walitoka Ekwatoria, jimbo la kusini kabisa la utawala wa Misri. Wengi walitekwa wakiwa vijana kutoka jamii za kusini mwa Sudani, wakaingizwa jeshini na kusilimu. Vita vya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi utawala huo, vilipokata njia ya Khartoum katika miaka ya 1880, mishahara na nguo vilikoma kuwafikia. Mwaka 1889 mvumbuzi Henry Stanley aliondoka na Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, kuelekea pwani, na sehemu kubwa ya kikosi ikabaki chini ya Selim Bey karibu na Ziwa Albert. Lugard alipowakuta huko Kavalli mwaka 1891 na kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza, wenye bunduki walikuwa mamia tu, lakini watu waliofuatana nao walikuwa maelfu.

Maelfu hao walikuwa kaya za askari: wake, masuria, watoto, wazee, vijana wa kubeba bunduki, na watumwa. Askari alipopangiwa ngome mpya, mwanamke ndiye aliyebeba chungu, mkeka na mbegu, akasaga nafaka njiani, na walipofika akalima shamba nje ya boma. Lazima tuseme wazi kwamba wengi wao hawakuchagua maisha hayo. Walikuwa mateka wa misafara ya kijeshi, wakagawiwa askari kama sehemu ya ujira wao. Hata hivyo, ni wao waliolea kizazi kilichozungumza Kinubi, lugha iliyochipuka katika Kiarabu cha kambini, nacho kikajitambua kuwa jamii moja ingawa wazazi wake walitoka makabila mengi.

Umuhimu wa kaya hizo ulidhihirika katika maasi ya mwaka 1897. Askari walilipwa rupia 4 kwa mwezi, kiasi kilicho chini ya ujira wa wapagazi wengi, na mara nyingi walipewa nguo badala ya fedha, tena kwa kuchelewa. Walikuwa wametoka vitani mfululizo walipoamriwa kufuatana na Meja Macdonald katika safari ndefu ya kaskazini. Pamoja na uchovu na ujira duni, walilalamika kwamba wanatenganishwa na familia zao, na mwezi wa Septemba, huko Eldama Ravine (leo nchini Kenya), wakakataa kuendelea. Kwa maoni yangu, lalamiko hilo halikuwa kisingizio. Askari asiye na mkewe safarini alikosa mpishi na muuguzi, na kaya aliyoiacha nyuma ilibaki bila mlinzi katika nchi ambayo wenyeji walikuwa na kila sababu ya kuichukia kaya hiyo.

Maasi yalizimwa mwaka 1898, baada ya umwagaji damu mwingi huko Busoga na kwenye Ziwa Kyoga. Ujira uliongezwa, lakini swali la mahali familia zingeishi baada ya utumishi halikupata jibu la kudumu. Kuanzia mwaka 1904 askari wastaafu wa Kisudani waliruhusiwa kukaa Kibera, kando ya Nairobi, kwa vibali tu, bila hati za kumiliki ardhi. Wajukuu na vitukuu wao walikabidhiwa hati ya jamii mwaka 2017, kwa ekari 288.