Tabia ya mnunuzi, kabla ya simu na baada yake

Tabia ya mnunuzi ni maneno ya watu wa masoko, lakini kitu chenyewe kila mtu anakijua. Ni safari nzima ya mtu tangu aanze kuona kuna kitu anakihitaji mpaka siku anayojisifu, au kujuta, kwamba alikinunua. Vitabuni safari hiyo hukatwa vipande vitano: kutambua hitaji, kutafuta taarifa, kulinganisha, kununua, na mwisho kupima kama hela ilikwenda mahali pake. Vyote vitano bado vipo. Ila tangu simu iingie, vimepoteza foleni.

Chukua gauni. Zamani harusi ya binamu ilikuwa inakaribia, basi unapanda daladala hadi Kariakoo, unateremka Mtaa wa Kongo, unashikashika vitambaa, unakataa bei, unaondoka ukisubiri kuitwa. Hitaji ndilo lililokutoa nyumbani. Sasa ni saa tatu usiku, umejilaza, unapitisha stetasi za WhatsApp. Katikati ya picha za watoto wa wifi linatokea gauni la kijani: "Mzigo mpya umeingia, ziko chache." Dakika moja iliyopita hukuwa na shida ya gauni. Unapiga picha ya skrini na kumrudishia muuzaji.

"Hili bado lipo?"

"Lipo mpenzi. Unavaa saizi ngapi?"

"14. Mwisho bei gani?"

"45, kwako 42. Upo wapi nikutumie boda?"

Duka lote ni hilo. Hitaji limezaliwa na picha, kulinganisha hakukuwepo, na kupatana bei kumechukua mstari mmoja. (Kuitwa mpenzi na mtu usiyemjua nako kumeshazoeleka, muuzaji wa Mtaa wa Kongo angeniita dada.)

Kwa bidhaa kubwa mambo huenda kinyume chake: kutafuta taarifa ndiko kumerefuka. Kampuni ya Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni na nepi, ilikuwa ikiamini kwamba ushindi wa biashara hupatikana au hupotea katika zile sekunde chache mteja anaposimama mbele ya rafu. Mwaka 2011 Google ilikuja na hoja kwamba kuna wakati mwingine kabla ya huo, ikauita wakati wa sifuri: mteja yuko kwake, anasoma na kutazama watu wengine wakieleza bidhaa, na akifika dukani ameshaamua. Ukimwona mtu anayenunua friji leo utaelewa. Anaijua modeli, anajua inakula umeme kiasi gani, na bado anaipiga picha pale pale dukani na kumtumia dada yake Arusha: "Huko kwenu hii shilingi ngapi?" Muuzaji anajifanya hajaona.

Lakini mabadiliko makubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, yako kwenye imani. Dukani ulikuwa unaamini mkono wako. Mtandaoni unanunua mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo unatafuta mtu wa kumwamini badala ya kitu.

Kilichowezesha hilo ni malipo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kabla ya hapo kumlipa mtu aliye mkoa mwingine kulikuwa na mzunguko mrefu, na mara nyingi kulimhusu dereva wa basi na bahasha. Sasa kilichobaki ni swali moja gumu: nani aanze, mwenye hela au mwenye mzigo? Ndani ya Dar es Salaam limepata jibu lake. Boda anakuja, unafungua mfuko mlangoni, ukiridhika unalipa. Kwa wa mikoani hela hutangulia, na mnunuzi akumbuke kutuma na ya kutolea. Mzigo unapakiwa kwenye basi, muuzaji anatuma picha ya risiti na namba ya kondakta, nawe unakwenda stendi alfajiri kuusubiri. Katika nchi ambako kila mtu ameshapokea ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", picha ya risiti si jambo dogo.

Ndiyo maana wauzaji hubandika shukrani za wateja kila siku: "Nimepokea mzigo, asante, nguo nzuri kuliko picha." Huo ndio mtaji wao. Jumia, soko la mtandaoni lenye tovuti na vikapu vya kuweka bidhaa, lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, likisema linaelekeza nguvu kwenye masoko mengine. Wauzaji wa Instagram na WhatsApp waliendelea. Naamini sehemu ya sababu ni kwamba tovuti haina mtu wa kumuuliza "mwisho bei gani" wala wa kumwambia "nipigie video nione rangi yake". Na bando la mitandao ya kijamii ndilo wengi wanalo.

Wengi wa wauzaji hao hata mzigo hawana. Ni mawinga, wale madalali wa mitaani wa Kariakoo, waliohamia kwenye simu: picha ni za duka la mtu mwingine, na wewe ukiagiza ndipo winga anakimbia kuchukua, anaongeza chake, anamkabidhi boda. Wala si utapeli. Winga alikuwepo kabla ya intaneti. Sasa tu hahitaji kukuvuta mkono barabarani.

Matangazo nayo yana namna yake ya kukufuata. Watu husema simu inawasikiliza. Maelezo mepesi zaidi yanatosha: programu huhesabu ulipokawia, ulichotafuta, ulichopenda, na tovuti nyingi hutoa taarifa za ziara yako kwa kampuni za matangazo. Ukitazama sufuria mara mbili, wiki nzima utaletewa sufuria. Ukishazinunua, utaendelea kuletewa.

Hela yenyewe imelegea pia. Fuliza ya Safaricom, iliyoanza Kenya mwaka 2019, humruhusu mtu kukamilisha malipo hata kama salio halitoshi, kisha hukatwa hela ikiingia. Upande wetu wauzaji wengi hukubali kudunduliza: unatuma kidogo kidogo, kitu kinakungoja. Njia moja inakupa kitu kabla ya hela, nyingine inakupa kitu baada ya subira, na anayezichanganya mwisho wa mwezi hupata shida.

Hatua ya mwisho, ya kupima, zamani ilikuwa siri yako na jirani. Niliwahi kuagiza mapazia ya kahawia yakaja ya damu ya mzee. Muuzaji alisema ni mwanga wa kamera. Niliandika kisa hicho chini ya picha yake, na kabla ya jioni alikuwa amenibadilishia, akiniomba nifute.

Mwezi uliopita nilikwenda Mtaa wa Kongo kwa miguu yangu, kwa mazoea tu. Niliingia duka la viatu nikaanza kuvigeuzageuza. Kijana wa pale aliniomba kwa adabu nisogee pembeni kidogo, nimesimama mbele ya kamera na wateja wanashindwa kuona.