Ganesh Chaturthi: Mgeni wa Udongo Anayerudi Majini

Siku ya nne tangu mwezi wa Bhadrapada wa kalenda ya Kihindu kuandama, Wahindu wa jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, humkaribisha nyumbani Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo anayeombwa kuondoa vikwazo kabla ya jambo lolote kuanza. Hukaa naye siku moja na nusu, tatu, tano, saba au kumi, kisha humuaga na kumzamisha majini. Familia zenye asili ya huko huiadhimisha sikukuu hii hata Nairobi na Dar es Salaam. Anayeitazama kwa mbali huona ngoma na maandamano ya siku ya mwisho, lakini kiini chake ni ule udongo wenyewe, unaofinyangwa, kupewa heshima, kisha kurudi ulikotoka.

Masimulizi nayo yanaanza na kufinyanga. Mungu wa kike Parvati, mke wa mungu Shiva, alimuumba mtoto kwa liwa aliyojisugulia mwilini, akamweka mlangoni alinde wakati yeye anaoga. Shiva alipozuiwa kuingia alimkata kichwa bila kumjua, kisha akamrudishia uhai kwa kichwa cha tembo.

Tarehe hubadilika kila mwaka: 7 Septemba 2024, 27 Agosti 2025, 14 Septemba 2026. Mwaka wa mwezi huupungukia wa jua kwa siku 11 hivi, kama ilivyo kwa Hijria, ila kalenda ya Kihindu huongeza mwezi mmoja kila baada ya miezi 32 au 33 hivi, na ndiyo maana sikukuu haitoki nje ya Agosti na Septemba.

Ibada ya siku ya kwanza hufanywa adhuhuri, saa inayoaminika kuwa ndiyo aliyozaliwa Ganesha. Sanamu huwekwa juu ya kibao kilichotandazwa mchele. Hadi hapo ni udongo tu. Mantra, yaani maneno matakatifu, za kuomba uhai uingie, yaani prana pratishtha, zikishasomwa, huhesabiwa kuwa mgeni amefika, naye hupewa huduma 16: kiti, maji ya kunawa miguu na mikono, maji ya kunywa, kuogeshwa, nguo, uzi mtakatifu, sandali, maua, ubani, taa, chakula, tambuu na nyinginezo. Hapo kwenye kuogesha ndipo wanaoanza hukosea. Humwagia sanamu ya udongo mbichi maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Rangi inachirizika na mkono unakatika. Wajuzi huweka popoo kwenye sahani, wakaliogesha hilo kwa niaba yake, na sanamu yenyewe huguswa kwa matone machache yaliyonyunyizwa kwa ua. Majani ya durva, ambayo ni ukoka, hutolewa 21, kila kijiti kikiwa na vijani vitatu au vitano.

Chakula chake ni modak, vidonge vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi tamu, navyo huandaliwa 21. Kwa vipande kama 10, chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi kidogo na kijiko cha chai cha samli, mimina kikombe kimoja cha unga laini wa mchele, koroga, epua na ufunike dakika 5 hadi 10. Ukande ungali moto, mikono ikiwa na samli. Kwa ndani, pika vikombe viwili vya nazi iliyokunwa na kikombe kimoja cha sukari guru kwa moto mdogo, kisha tia iliki. Tandaza donge kiganjani, jaza, finya mikunjo pembeni, uikusanye juu iwe ncha, kisha pika kwa mvuke dakika 10 hadi 12. Ganda likipasuka, unga haukukandwa vya kutosha au umekauka. Nazi ikibaki na majimaji, modak hutoboka chini. Ikipitiliza motoni, huganda kama kashata.

Kuanzia mwaka 1893 Bal Gangadhar Tilak, mwandishi wa habari na mpigania uhuru, aliisukuma sikukuu hii itoke majumbani na kuwa ya mitaa mizima, kwa kuwa watawala wa Kiingereza waliibana mikutano ya siasa. Sanamu za mitaani zilizidi kurefuka, na baadaye wafinyanzi wengi wakahamia plasta, ambayo ni nyepesi, rahisi na haipasuki njiani.

Plasta hutengenezwa kwa jasi iliyookwa, na ikishaganda huwa jasi tena. Lita moja ya maji huyeyusha gramu mbili hivi tu. Sanamu ya kilo 5 ingehitaji zaidi ya lita 2,000. Ndiyo sababu baada ya sikukuu vichwa na mikono huonekana ufukweni, na rangi zenye risasi huachwa majini. Mwaka 2020 Bodi Kuu ya Kudhibiti Uchafuzi ya India ilitoa mwongozo wa kukataza sanamu za plasta, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Bombay iliagiza zile zisizozidi futi 6 zizamishwe kwenye mabwawa ya kutengenezwa. Hasara ya kidini nayo ni kubwa: mgeni aliyeagwa kwa heshima hapaswi kukutwa kesho yake amevunjika mchangani.

Unaponunua, omba kipande cha udongo uliotumika, ukitie kwenye glasi ya maji. Udongo mbichi huporomoka baada ya dakika chache. Uliochomwa tanuruni hauporomoki, hata muuzaji akiuita wa asili. Epuka pia rangi ya mafuta, kwani huzuia maji kupenya.

Siku ya kuaga, baada ya sala ya mwisho, sanamu husogezwa kidogo kutoka mahali pake. Hapo mwaliko umekwisha. Vua shada, nguo na mapambo yote. Ukiizamishia nyumbani, tumia ndoo yenye kina kuzidi urefu wake, uiache usiku mzima bila kuikoroga wala kuivunja, kisha mwagia miche tope hilo. Aliyekwisha kununua ya plasta anaweza kuizamisha kwenye maji yenye kemikali ya amonia bikaboneti, uzito unaokaribiana na wa sanamu, akikoroga mara kwa mara kwa siku kadhaa mahali penye hewa. Jasi hugeuka chokaa inayotuama chini, na maji ya juu hubaki na amonia salfeti, mbolea ambayo wakulima huiita SA. Kama rangi yake haijulikani ina nini, maji hayo yasipelekwe kwenye mboga.