Dawa ya kupe haihamishwi chupa

Lamu ina punda wa mizigo na paka kila kichochoro, kwa hivyo kupe na viroboto hawakosi makao. Miongoni mwa dawa za kuwaua ni diazinoni, ya jamii ya sumu za neva ziitwazo oganofosfeti. Hukizuia kimeng'enya kinachozituliza neva baada ya kila kazi, kupe akatetemeka mpaka kufa. Kimeng'enya hicho tunacho sisi pia, na punda, na paka.

Balaa huanza dawa inapomiminwa kwenye chupa ya soda ili majirani wagawane. Lebo hubaki dukani, na mtoto huona kinywaji. Kuna jingine lisilojulikana na wengi: matone ya maji yaliyosalia kwenye chupa iliyooshwa huivunja diazinoni polepole, na baadhi ya yanayozaliwa humo ni sumu kali kuliko dawa yenyewe. Anayeongeza kipimo kwa kudhani dawa kuukuu imepungua nguvu huenda anakosea mara mbili.

Chupa ya 60% ina gramu 600 za dawa kwa lita. Lebo ikitaka mchanganyiko wa 0.06%, hiyo ni mililita 1 kwa lita ya maji, yaani mililita 20 kwa dumu la lita 20. Pima kwa sirinji, vizibo havilingani. Changanya nje, kwa glavu za mpira, upepo ukiwa mgongoni. Mabaki yasimwagwe penye kisima wala gatini, maana samaki hawaihimili.

Punda anyunyiziwe tu ikiwa lebo inamtaja. Usikimbilie amitrazi, dawa nyingine ya kupe, badala yake: huweza kuyasimamisha matumbo ya punda. Paka hujilamba, basi dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse.

Viroboto wakirudi baada ya wiki, usizidishe dawa. Hao wametoka kwenye vifuko vya pupa (kiroboto kabla hajakomaa), ambavyo dawa haipenyi vizuri. Fagia nyufa, fua matandiko, anika mikeka juani.

Mate kumwagika, jasho, mboni kuwa ndogo, misuli kuchezacheza, pumzi kubana: hizo ni dalili za sumu. Mvue mgonjwa nguo, umwoshe kwa sabuni na maji mengi huku nawe umevaa glavu. Usimtapishe, maziwa hayaiondoi sumu hii. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenye lebo, kwani jina lililoandikwa pale ndilo litakalomwonyesha daktari haraka kwamba mgonjwa anahitaji atropini, dawa inayozipinga athari za sumu hii.